Musi wa Yadi Mia Nne

Mwaka 2019, mwishoni mwa majira ya kuchipua, nikiwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi minne na siku nane, niliambiwa mbele ya watu wapatao thelathini, wengi wao wakiwa na sahani za pilau mapajani, kwamba bunduki ya marehemu mume wangu haikuwa yangu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Mei, sebuleni kwangu Apple Valley, katika jimbo la Minnesota. Mume wangu alikuwa amefariki Alhamisi, tarehe 8 Novemba ya mwaka uliotangulia. Baridi ilituzuia kukutana mapema, kwa hiyo siku hiyo ndiyo tuliyoitenga kumaliza msiba na kugawa vitu vyake. Makoti yalikuwa yamekwisha kupata wenyewe, na viatu vilikuwa vinajaribiwa, ndipo shemeji yangu aliposimama. Yeye ni mdogo wa marehemu, daktari wa meno, mkazi wa Roseville. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nami, ili haki iwe sawa, simtaji mtu yeyote.

“Kwetu Unyamwezini,” alisema, “upinde wa marehemu huenda kwa mdogo wake. Kaka hakuwa na upinde. Alikuwa na bunduki.”

Sina budi kuieleza bunduki yenyewe. Mume wangu aliinunua mwaka 2009 kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akihamia kwenye joto. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyati na tembo. Mtutu wake ulikuwa na upana wa karibu nusu inchi, na risasi yake ilikuwa nene kama kidole changu cha gumba, nami nina vidole vya mtu aliyefanya kazi. Mume wangu aliitaka kwa ajili ya kuwinda musi. Kwa msomaji asiyemfahamu, musi ni mnyama wa misitu ya kaskazini, mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo na sura ya punda aliyepewa habari mbaya. Nilimuuliza mume wangu kwa nini anunue bunduki ya tembo kwa mnyama anayekula majani ya maji. Akanijibu kwamba bunduki inayomwangusha nyati kwa karibu itamwangusha musi kwa mbali, kwa kuwa nguvu inayobaki lazima iende mahali fulani.

Hoja hiyo niliiamini kwa miaka kadhaa. Nilikuwa bado sijasoma fizikia.

Juu ya jiko letu la kuni pale sebuleni ilitundikwa pembe moja ya musi, ya kushoto, iliyobanwa kwenye kibao kilichopakwa vanishi. Kila mgeni aliyeingia aliiuliza, na kila aliyeuliza alisimuliwa. Mume wangu alimpiga musi yule tarehe 5 Oktoba 2010, ng’ambo ya ziwa, kwa risasi moja, begani. Pembe ya pili ilisambaratika kwa kishindo. Krismasi ya mwaka huo umbali ulikuwa yadi mia mbili. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa mia tatu. Krismasi yake ya mwisho ulikuwa mia nne, na ziwa lilikuwa limepata mawimbi.

“Kaka alipiga yadi mia nne kwa bunduki hii,” shemeji aliendelea. “Anayeistahili ni mwanaume anayeweza kurudia.”

“Na mwanamke je?” niliuliza.

Alicheka kwa upole, kama anavyowachekea wagonjwa wanaouliza kama itauma. “Shemeji, huu si mwiko wa ugali.”

“Ni kweli. Mwiko nimeushika miaka arobaini na sijawahi kukosa sufuria.”

Watu walicheka, na pengine mambo yangeishia hapo kama asingekuwepo mtani. Mtani wetu alikuwa Mzaramo, Mwislamu, mtaalamu wa maabara, anayeishi katika ghorofa moja refu kule Cedar-Riverside. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msomaji anajua kwamba mtani msibani ana mamlaka ambayo hata polisi hana. Alikuwa amekwisha kulia kwa sauti ya marehemu, amelala mlangoni ili watu wamruke, na amemdai mchungaji soda. Sasa alinyanyuka, akaenda kwenye kasha la bunduki lililokuwa kwenye kona, akaujaribu mfuniko, akakuta limefungwa, akachomoa ufunguo na kuutia katika mfuko wa kanzu.

“Nimeushika,” alitangaza. “Watumwa wangu wakigombana, mali inakaa kwangu. Mtakwenda uwanja wa shabaha. Mtawekewa musi yadi mia tatu. Hiyo mia moja nawasamehe kwa sababu ya msiba. Kila mtu risasi tatu. Atakayempiga musi, bunduki ni yake. Wakikosa wote, naichukua mimi na kuifanya bomba la maji.”

Watu walipiga makofi. Mtu wa nchi nyingine angedhani ni mzaha, na kweli ulikuwa mzaha; lakini neno la mtani likikwisha kupigiwa makofi msibani, hakuna anayejua namna ya kulirudisha. Katibu wa chama chetu cha kuzikana alikuwepo, na tayari alikuwa ameliandika.

Hivyo kasha likabaki Apple Valley na ufunguo ukaenda Cedar-Riverside.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo watu wawili tu walilijua, na mmoja wao tulikuwa tumemzika. Tarehe 5 Oktoba 2010 nilikuwepo. Siku hizo Minnesota bado iliruhusu kuwinda musi kwa bahati nasibu, na aliyechaguliwa hakuruhusiwa kuomba tena maishani mwake. Jina letu lilitoka. Tulikaa siku tatu katika tope, mimi nikiwa na chupa ya chai, na siku ya nne musi akatokea ng’ambo ya ziwa. Mume wangu akafyatua. Bunduki ikampiga teke, akaenda chali katika maji, miguu juu, kofia ikielea. Musi aliinua kichwa. Alitutazama kwa muda, huku jani likining’inia mdomoni, kisha akaendelea kula. Alipomaliza kula aliondoka kwa hatua za kawaida.

Kesho yake, tukiwa tunakusanya vitu, niliikanyaga ile pembe katika majani makavu. Musi huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Hiyo ilikuwa imeangushwa na mnyama mwingine kabisa, pengine majira ya baridi yaliyopita. Mume wangu aliitazama, akanitazama mimi. Njiani kurudi alisimama kwenye shamba moja akanunua nusu ya ng’ombe.

Krismasi hiyo nilipika pilau ya “musi” kwa watu arobaini. Shemeji yangu alikula sahani tatu, akasema hiyo ndiyo nyama yenye harufu ya pori. Mtani, kabla ya kugusa, alimuuliza mume wangu kama alisema bismillahi wakati wa kufyatua.

“Nilisema mambo mengi,” mume wangu alijibu, na huo ulikuwa ukweli pekee wa jioni ile. Mtani akala maharage.

Sikuwahi kumsuta. Alikuwa mtu mnyofu katika kila jambo lingine. Alinipeleka shule mwenyewe, Jumanne ya tarehe 6 Septemba 2005, nikiwa na miaka arobaini na saba na elimu ya darasa la nne. Akanisubiri nje katika gari kwa saa mbili na nusu, eti nisije nikaogopa nikatoka. Nilipata cheti cha sekondari mwaka 2011, nikaingia chuo nikiwa na miaka hamsini na tisa. Mtu aliyekusubiri garini namna hiyo, ukimwona amejijengea musi mmoja, unamwachia.

Mwaka 2019 nilikuwa nasoma fizikia, mwanafunzi pekee darasani mwenye wajukuu. Bunduki sikuweza kuigusa, kwa hiyo majira yote ya joto niliipigia hesabu. Nilijua uzito wa risasi na kasi yake, na nilijua kwamba darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki ilirekebishwa ili risasi ipige pale unapolenga kwa yadi mia moja. Matokeo niliyapata tarehe 22 Juni, mezani jikoni, na nikayarudia mara tatu kwa matumaini kwamba nimekosea. Risasi nene huenda polepole, na inayokwenda polepole huanguka. Kwenye yadi mia tatu ingeanguka karibu mita moja chini ya mahali unapolenga. Kwenye yadi mia nne ingeanguka karibu mita mbili, yaani zaidi ya urefu wa shemeji yangu akiwa amevaa viatu. Kumpiga musi begani kwa umbali ule, mume wangu angelazimika kulenga mawingu.

Hapo ndipo nilipouelewa mtego. Shemeji yangu hakuamini katika hesabu. Aliamini, kama marehemu kaka yake, kwamba bunduki kubwa hunyoosha mambo. Angelenga begani na risasi ingelima udongo. Akikosa yeye, nami nikakosa, kuna mtu angeuliza swali. Bunduki ningeweza kuishi bila ya kuwa nayo. Ila kuiona pembe ile ikichekwa sebuleni mwangu, hapana.

Siku ilifika: Jumamosi, tarehe 14 Septemba, katika uwanja wa shabaha ulio mwendo wa saa moja kusini. Tulikuwa watu kumi na mmoja na chupa nne za chai. Shemeji alikuwa ametengeneza musi wa mbao nyembamba, wa ukubwa kamili, akampaka rangi ya kahawia. Kwa kuwa alikuwa daktari wa meno, alimpa meno. Meno yalikuwa juu na chini, meupe, yamepangana vizuri.

“Shemeji,” nilimwambia, “musi hana meno ya mbele ya juu.”

“Ndiyo maana alihitaji daktari.”

“Huyu ni ngamia aliyebeba makoleo,” alisema mtani. “Mbona anacheka? Ameambiwa nani anapiga kwanza?”

Musi akapelekwa yadi mia tatu, akasimama kule mbele ya tuta la udongo, akitabasamu. Mtani akatoa ufunguo, akaubusu, akafungua kasha. Shemeji akaketi kwenye benchi, akaweka jicho kwenye darubini, karibu mno. Nilifungua mdomo kumwonya. Alinyanyua kidole kuninyamazisha.

Mlio wa bunduki ile sijui niufananishe na nini. Chai ilitikisika vikombeni. Kule mbele, vumbi liliruka chini kabisa, hatua moja mbele ya kwato. Shemeji aligeuka kututazama, na juu ya nyusi yake palikuwa na alama ya damu yenye umbo la hilali, pale darubini ilipomgonga.

“Musi amepiga!” mtani alipaza sauti. “Moja bila!”

“Bunduki haijazoea mkono,” shemeji alisema, huku akipanguswa kwa leso.

“Lenga juu,” nilimnong’oneza. Haki ilinilazimu.

“Kaka alilenga begani. Alitusimulia sote.”

Risasi ya pili ililima mahali palepale. Ya tatu aliifyatua macho yakiwa yamefumbwa, na mpaka leo haijulikani ilikwenda wapi. Akanyanyuka polepole, bega moja likiwa limeshuka kuliko lingine. Hakuna aliyecheka tena. Mtani aliinua darubini ya mkononi, akautazama umbali ule kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani hata kidogo:

“Hivi marehemu alimpigaje yule?”

Upepo ukavuma. Watu kumi walimtazama musi, kisha wakanitazama mimi.

“Alilenga juu,” nilisema. “Sogeeni.”

Nilikuwa nimevaa koti la marehemu la theluji, na chini yake, begani, nilikuwa nimekunja kanga mbili. Miaka kumi na tisa niliyohudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa ilinifundisha kwamba kitu kizito ukikiogopa kinakuangusha, na ukikikumbatia kinatulia. Niliikumbatia bunduki. Jicho nililiweka mbali na darubini. Nililenga udongo mtupu juu ya mgongo wa musi, mahali nilipokuwa nimepaandika katika daftari, nikatoa pumzi nusu, nikafyatua.

Nilisukumwa mpaka benchi likalia, lakini sikuanguka. Ninaomba hilo likumbukwe.

“Juu!” mtani alisema. “Imepita juu ya mgongo kwa kiganja. Mtani, nakuambia, kiganja!”

Nikashusha viganja viwili. Nikafyatua tena. Kisha, kutoka mbali, ukaja mlio mdogo wa mbao iliyopasuka. Musi aliyumba, akazunguka nusu, akabaki ametugeuzia mgongo.

Mtani aliishusha darubini. “Amepata.”

“Wapi?” shemeji aliuliza.

“Mahali pa kukalia.”

Nilikuwa nimekusudia bega. Mkono wangu uliivuta bunduki kulia wakati wa kufyatua. Siku hiyo sikuona sababu ya kulieleza. Risasi ya tatu sikuitumia. Ipo kabatini kwangu, karibu na vyeti.

Shemeji yangu alikata rufaa. Suala likapelekwa katika kikao cha chama cha kuzikana, kilichofanyika katika ukumbi wa kanisa huko Roseville, Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2019, saa nane mchana. Ajenda ya tatu, baada ya ile ya viti, iliandikwa hivi: “Kuamua kama tako ni musi.”

Hoja ya shemeji ilikuwa ya kitaalamu. “Mwenyekiti, mnyama aliyepigwa pale hafi. Anakwenda zake Kanada. Kaka alipiga bega. Sharti lilikuwa kurudia.”

“Sharti lilikuwa kumpiga musi,” alijibu mtani. “Nililitoa mimi. Sasa nikuulize, daktari: wewe ukipigwa pale kwa risasi nene kama gumba, Jumatatu utakwenda kazini?”

“Hilo si swali la haki.”

“Utakaa wapi, kwanza?”

Mwenyekiti aliomba utulivu. Mama mmoja aliomba iandikwe kwamba tako ni sehemu ya mwili, na kama si sehemu ya musi basi wataalamu waseme ni ya nani. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Ishirini na mbili walisema tako ni musi, watatu walipinga, na mchungaji hakupiga kura, akieleza kwamba hajapata andiko.

Ndipo mtani akasimama tena. “Bunduki ibaki kwa mke wetu. Lakini mdogo wa marehemu hawezi kuondoka mikono mitupu, kichwa kimechubuka na bega limeteguka. Apewe pembe.”

Makofi yakapigwa. Katibu akaandika.

Pembe ilikuwepo pale. Ilikuwa imeletwa kama kielelezo, imelazwa mezani juu ya kitambaa. Shemeji akainyanyua kwa mikono miwili, kwa heshima, na kile kibao cha vanishi, ambacho nilikifunga mimi mwenyewe kwa skurubu nne tarehe 10 Oktoba 2010, kikaachia upande mmoja na kuning’inia.

Tulikuwa wawili tu mezani. Wengine walikuwa wamekwisha kuelekea kwenye sambusa. Aliigeuza pembe akatazama shina lake. Shina la pembe iliyokatwa kwa msumeno huwa bapa. Hili lilikuwa la mviringo, limekunjamana ukingoni, laini katikati. Shemeji yangu ametumia maisha yake yote kutazama vitu vilivyotoka vichwani mwa watu. Alilipapasa kwa gumba.

“Shemeji,” alisema polepole. “Hii haikukatwa.”

Aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Imedondoka yenyewe. Kama jino la utoto.”

Nilitazama kovu lake la hilali juu ya nyusi. Yeye aliendelea kulitazama lile shina, na nikaona jinsi mambo yalivyokuwa yakijipanga usoni mwake: bega, ziwa, pembe iliyosambaratika, na mwishowe, nadhani, sahani tatu za pilau.

“Na ile nyama?” aliuliza.

“Ng’ombe.”

Alifumba macho. Mabega yake yalianza kutetemeka, na nilidhani analia, mpaka nilipoisikia ile sauti ya puani, sauti ya kaka yake akizuia kicheko kanisani. Kisha akajipangusa macho, akakirudisha kibao mahali pake, akakikandamiza kwa kiganja mpaka kikashika.

“Skurubu zimelegea, shemeji,” alisema kwa sauti ya kawaida. “Nitazikaza nyumbani.”

Mwenyekiti alituita kusaini. Nilisaini mimi, akasaini yeye, akasaini mtani kama shahidi, na katibu akaandika saa: tisa na dakika arobaini alasiri. Shemeji akaipakata pembe na kuelekea mlangoni, kibao akikielekeza kifuani pake. Pale mlangoni kijana mmoja aliyehamia karibuni kutoka Dodoma, na ambaye hakujua lolote, alimsimamisha akauliza ni ya mnyama gani.

“Musi,” shemeji alijibu. “Marehemu kaka yangu alimpiga. Begani, risasi moja.”

“Kwa umbali gani, mzee?”

Shemeji aligeuka akanitazama. Nami nilikuwa natafuta kalamu yangu mkobani kwa makini makubwa.

“Yadi mia tano,” alisema.